Maandalizi ya Huduma ya Kwanza kwa Wanaosafiri Nyika za Tabora

Wananchi wa Unguja na Pemba wanaosafiri kwenda Tabora, ama kwa biashara, ama kwa kuwatembelea jamaa, ama kwa kuiona njia ya kale ya misafara, wanakumbushwa kufungasha vifaa vya huduma ya kwanza kabla ya kuondoka majumbani. Atokaye Gongoni, ndani ya mji wa Tabora, kwenda kulitazama tembe la Kwihara alimokaa Dkt. Livingstone mwaka 1872, hayuko mbali na Hospitali ya Kitete. Lakini yule anayefuatana na warina asali katika misitu ya miombo, au anayeelekea Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla iliyotangazwa mwaka 2019, aweza kuwa mwendo wa saa nyingi kutoka kwa tabibu. Maelezo haya yanahusu saa hizo.

Livingstone mwenyewe ni shahidi wa jambo hili. Mwezi wa Januari 1867, katika nchi ambayo leo ni Zambia, mpagazi aliyechukua sanduku la dawa alibadilishana mzigo na mwenzake njiani. Aliyeupokea akaingia nao msituni, wala hakuonekana tena. Dawa zote, pamoja na kwinini, zilikuwa katika sanduku hilo moja. Daktari huyo aliendelea na safari bila ya dawa, akadhoofika kwa homa na maradhi ya tumbo, hata Stanley alipomfikia Ujiji mwaka 1871. Kwa hiyo dawa za kikundi zigawanywe katika mizigo miwili au zaidi, na kila mmoja ajue zilipo.

Msafiri mwingine wa njia hiyo, Speke, aliyepumzika Tabora pamoja na Burton walipokuwa njiani, aliingiwa na mdudu sikioni usiku mmoja wa Machi 1858, akiwa kisiwani katika Ziwa Tanganyika. Akatumia ncha ya kisu kumtoa. Sikio likatunga usaha, uso ukamvimba, na kusikia kukampungua kwa miezi. Ilivyo sahihi ni kulaza kichwa upande na kutia mafuta ya kupikia yaliyo vuguvugu, si ya moto, ili mdudu afe na atoke. Ikiwa sikio lilikuwa na tundu au usaha tangu awali, lisitiwe kitu bali mgonjwa apelekwe kwa mganga wa hospitali.

Nyoka ndiye anayeogopewa zaidi, na ndiye anayeshughulikiwa vibaya zaidi. Kifutu hulala kimya katika majani makavu, na wengi huumwa kwa kumkanyaga; viatu vya kufunika vifundo na tochi wakati wa usiku ni kinga kubwa kuliko dawa yoyote. Aliyeumwa asichanjwe, asinyonywe jeraha, wala asifungwe kamba ya kuzuia damu, kwa kuwa watu wamekatwa viungo kwa sababu ya kamba hiyo. Jiwe la nyoka, ambalo watu wengi huliamini, lisimcheleweshe mtu hata dakika moja. Avuliwe pete na bangili kabla mwili haujavimba, kiungo kifungwe gango kama cha aliyevunjika, asitembezwe, abebwe hadi hospitali. Asipewe aspirini, maana huzidisha kutoka damu. Swila akitema sumu machoni, macho yaoshwe kwa maji mengi papo hapo. Shirika la Afya Duniani liliingiza sumu ya nyoka katika orodha ya maradhi yaliyosahauliwa mwaka 2017, jambo lililochelewa mno.

Nyuki wa Tabora ni mali, lakini wakichokozwa, dawa ni kukimbia huku uso umefunikwa. Miba itolewe upesi kwa njia yoyote. Mtu akivimba midomo au kuhema kwa taabu, hiyo ni hatari ya roho.

Katika mfuko ziwemo bandeji, chachi, plasta, sabuni, mkasi, kibano, glovu, parasetamoli, chandarua na pakiti za chumvi za kuharisha. Zikikosekana pakiti, lita 1 ya maji safi hutiwa sukari vijiko 6 vya chai na chumvi nusu kijiko cha chai. Nguo ziwe ndefu na za rangi hafifu, kwani mbung'o huvutwa na buluu na nyeusi.

Malaria yamepungua sana visiwani, na kwa sababu hiyo miili ya wengi haina mazoea nayo tena. Sehemu kubwa ya wagonjwa wanaogunduliwa Zanzibar wametoka safarini. Arejeaye kutoka bara akiwa na homa apimwe damu siku hiyo hiyo katika kituo cha afya kilicho karibu, na aeleze alikokwenda. Akiwa aliumwa na mbung'o, aliseme hilo pia hata kama wiki kadhaa zimepita, ili achunguzwe malale.