Baiskeli ya Mbio Haichaguliwi kwa Kimo

Kuanzia Likoni hadi Lunga Lunga, baiskeli inayobeba madafu, mitungi ya maji na magunia ya makaa ni ya saizi moja. Black Mamba, ile nyeusi ya chuma yenye magurudumu ya inchi 28, huendeshwa na mrefu na mfupi. Mtoto asiyefikia kiti hupitisha mguu ndani ya fremu na safari ikaendelea. Hakuna anayeuliza kipimo. Kwa hiyo kijana wa Ukunda anayenunua baiskeli yake ya kwanza ya mbio, aghalabu ya mtumba kutoka Ulaya, huenda sokoni na mazoea hayo hayo: anahesabu giya, anaiinua kwa mkono mmoja kuona wepesi wake, analipa. Goti likianza kumuuma, analaumu barabara.

Black Mamba husamehe kwa sababu ya umbo lake. Bomba linaloshika kiti limelala nyuma, nyuzi 66 hadi 68 hivi kutoka usawa wa ardhi. Usukani umepinda kumfuata mwendeshaji, mgongo unakaa wima, na uzito karibu wote uko kitini. Uwe mrefu uwe mfupi, mikono itafika. Kwenye baiskeli ya mbio bomba hilo limesimama hadi nyuzi 73 hivi, usukani umesogea mbele na kuteremka, na uzito wa mwili unagawanywa kati ya kiti, pedali na viganja. Kosa la sentimita mbili ambalo mwuza madafu hatalihisi kamwe, mwendesha mbio atalilipia kila krenki inapozunguka. Na inazunguka sana. Kutoka Ukunda hadi Msambweni ni zaidi kidogo ya kilomita 20. Kwa mwendo wa kadiri ni kama saa moja, na mizunguko 80 kwa dakika ni mizunguko 4,800 kwa saa. Anayepanda kutoka Kombani kwenda mjini Kwale, karibu mita 400 juu ya bahari, atasimama juu ya pedali na kuupa mwili nafasi ya kubadilika. Barabara ya Mwabungo na Gazi ni karibu tambarare: mtu hukaa vile vile alivyokaa mwanzo, na kosa hujirudia bila kupumzika.

Wauzaji wengi hupima kwa kimo. Ukiwa na sentimita 172, unapewa fremu ya 54, basi. Naona desturi hii ndiyo chanzo cha maumivu mengi, maana kimo hakisemi miguu ni mirefu kiasi gani. Chukua wanaume wawili wenye kimo hicho hicho. Simama bila viatu, mgongo ukutani, ingiza kitabu chenye jalada gumu katikati ya miguu kikaze juu kama kiti, kisha pima kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu. Mmoja anapata sentimita 78, mwingine 83. Kanuni iliyotoka kwa kocha Mfaransa Cyrille Guimard, ikaenezwa na Greg LeMond, bingwa wa Tour de France wa 1986, 1989 na 1990, inazidisha kipimo hicho kwa 0.883 ili kupata umbali wa kutoka katikati ya ekseli ya krenki hadi juu ya kiti. Wa kwanza anapata 68.9, wa pili 73.3. Watafiti wa Uingereza Hamley na Thomas walikuwa wamefika karibu na hapo mwaka 1967 kwa njia nyingine: asilimia 109 ya urefu wa mguu, kutoka ekseli ya pedali ikiwa chini kabisa. Kwa mguu wa 83 hiyo ni 90.5, ukitoa krenki ya sentimita 17 unabaki na 73.5. Njia mbili, tofauti ya milimita mbili.

Sasa, kosa linalofuata ni kumwambia huyu wa pili achukue fremu kubwa kwa kuwa ana miguu mirefu. Kimo chao ni kimoja. Alichozidi miguuni amekipungukiwa kiwiliwilini. Fremu kubwa ni ndefu pia, na itamlaza mbele kuliko mgongo wake unavyoweza. Mwaka 1877 Mmarekani Joel Asaph Allen alieleza kwamba wanyama wa nchi za joto huelekea kuwa na viungo virefu, vinavyosaidia kutoa joto la mwili. Vipimo vya binadamu navyo vimeonyesha kwamba, kwa wastani, Waafrika wana miguu mirefu zaidi ukilinganisha na kiwiliwili kuliko Wazungu. Wastani haumvalishi mtu mmoja mmoja, lakini unatosha kutufanya tusiamini jedwali la kimo lililotengenezwa Ulaya. Urefu wa mguu hurekebishwa kwa kuinua kiti. Urefu wa fremu haurekebishiki, isipokuwa kidogo kwa kubadilisha stemu. Kwa hiyo chagua fremu kwa umbali wa kiti na usukani, na mwenye miguu mirefu atafute ile yenye bomba refu la mbele, ili usukani usibaki chini mno.

Mwili wenyewe husema. Maumivu mbele ya goti mara nyingi ni kiti kilicho chini. Nyuma ya goti, kiti kilicho juu. Pedali ikiwa chini kabisa, goti libaki limekunjika nyuzi 25 hadi 35. Nyonga zikiyumba huku na huku, teremsha kiti. Kidole cha mwisho na cha pembeni yake vikifa ganzi, neva inayopita kiganjani inabanwa, na huenda usukani uko mbali au chini kupita kiasi. Hapa kusi hudanganya wengi. Anayeelekea Msambweni kati ya Aprili na Septemba hukutana nayo usoni, na kwa kuwa karibu robo tatu ya ukinzani wa hewa hutokana na mwili, anateremsha usukani. Mkao anaoweza kuudumisha kwa dakika kumi tu hautamfikisha Ramisi. Afadhali akunje viwiko.

Lakini vipimo vyote hivi ni kazi bure kama kiti hakisogei, na Diani viti vingi havisogei. Paipu ya kiti ya alumini ndani ya fremu ya chuma, pamoja na unyevu wa chumvi, ni kama betri ndogo: alumini huliwa, na oksidi inayotokea huchukua nafasi kubwa kuliko metali yenyewe, ikaiziba paipu isitoke. Kabla ya kununua mtumba, mwombe fundi alegeze nati na kuizungusha paipu mbele yako. Ikikataa, iache baiskeli hiyo, hata ikiwa rahisi. Ikikubali, ivute ikiwa lazima lakini usipite alama ya mwisho iliyochorwa juu yake, ipake grisi, na urudie hivyo kila baada ya miezi michache. Fremu ya kaboni haitaki grisi; ina dawa yake yenye chembechembe zinazoizuia paipu kuteleza.