Upana na Uwezo: Istilahi za Kiungo cha Chipseti

Wafasiri wa maelezo ya kompyuta za mezani aghalabu huandika “upana wa ukanda” wanapotaja kiasi cha data kinachoweza kupita katika kiungo kwa sekunde moja. Istilahi hiyo ina asili yake katika elimu ya redio, ambako ukanda wa masafa una upana kweli, nao hupimwa kwa hezi. Katika ubao mama hakuna ukanda wa namna hiyo. Kati ya prosesa na chipseti mna njia kadhaa za umeme tu, na chipseti hukusanya data ya diski, mtandao na vifaa vya USB na kuifikisha kwa prosesa.

Uwezo wa kiungo hicho huongezwa ama kwa kuzidisha njia, ama kwa kuharakisha kila njia. Kampuni ya Intel ilifanya yote mawili mwaka 2021. Kwanza ilitoka njia nne hadi nane bila kubadili kasi. Kisha, kwa chipseti ya Z690, ikabaki na nane ikaongeza kasi maradufu, hata uwezo ukafikia takriban gigabaiti 15.8 kwa sekunde kwa kila upande. Je, mara ya pili upana uliongezeka? Kwa mafundi, la, maana kwao upana ni idadi ya njia.

Tatizo litazidi. Chipseti ya AMD iitwayo X870E, ya mwaka 2024, huunganishwa na prosesa kwa njia nne za kizazi cha nne cha PCI Express, yaani takriban gigabaiti 7.9. Diski mbili za kizazi hichohicho zikisomwa pamoja kupitia chipseti hiyo hazina budi kukigombea kiungo. Tukibashiri, hatua ifuatayo yaweza kuwa njia nane, au njia nne za kizazi cha tano. Hesabu ni ileile, gharama sizo: njia zaidi hudai pini zaidi za prosesa, kasi zaidi hudai ubao bora. Afisa ugavi anayesoma katika zabuni kwamba “upana umeongezwa maradufu” hawezi kujua anauziwa kipi.

Kwa hiyo twapendekeza “upana wa kiungo” kwa idadi ya njia, na “uwezo wa upitishaji” kwa kiasi cha juu kabisa kwa sekunde. “Kipimo data”, kilichokwisha kuenea, hatukipendelei. Hata baiti ni kipimo cha data. Kiasi kinachopita kwa hakika, ambacho huwa pungufu, kiitwe “upitishaji halisi”.