Shahada kwa Njia ya Mtandao: Hakiki Kabla ya Kulipa

Mkazi wa Mzenga aweza kusomea shahada pasipo kuhama. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, hufundisha kwa masafa: mwanafunzi hujisomea na kuwasilisha kazi mtandaoni, na kwa kawaida mitihani hufanyika vituoni, kikiwemo cha Pwani kilichopo Kibaha. Hivyo, mbali na ada, tunakushauri utenge fedha za vifurushi vya intaneti na nauli.

Kabla ya kulipia chuo chochote, cha ndani au cha nje, hakikisha kwamba Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) inakitambua. Ada ya chuo cha umma hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali. Usimtumie wakala fedha kwenye simu yake. Shahada isiyotambuliwa yaweza kukataliwa na mwajiri, na miaka iliyopotea hairudishwi.