Floraidi: Birmingham huiongeza majini, Arusha huipunguza

Mkazi wa Tyseley, kitongoji cha viwanda na karakana za reli kusini-mashariki mwa jiji la Birmingham nchini Uingereza, afunguapo bomba la jikoni hupata maji na, ndani yake, kinga ya meno. Tangu mwaka 1964 maji ya jiji hilo huongezwa madini ya floraidi, kwa kiwango cha takriban miligramu 1 katika kila lita, ili kupunguza kuoza kwa meno.

Kaskazini mwa Tanzania, mkoani Arusha, na huko Nakuru nchini Kenya, wataalamu wa maji wamekuwa kwa miongo kadhaa wakifanya kazi iliyo kinyume. Wao huyaondoa madini hayo hayo, kwa sababu yamezidi na yanaharibu meno na mifupa ya watu.

Wasemaji wa Kiswahili wanaishi pande zote mbili, na wengi wao wamehama kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Tofauti hiyo inaeleza msingi mmoja wa afya ya jamii: kinga inayofaa hutegemea kipimo, na kipimo hutegemea mahali.

Jino huozaje?

Meno hufunikwa na ukoga, yaani utando laini wa bakteria. Kila mtu alapo au anywapo kitu chenye sukari, bakteria hao huitumia sukari na kutoa asidi. Asidi hiyo hunyonya madini kutoka gamba gumu la nje la jino. Baadaye mate huipunguza makali asidi na kurudisha sehemu ya madini yaliyopotea.

Mvutano huo hutokea kila siku katika kinywa cha kila mtu. Anayekula vitu vitamu mara kwa mara hayapi mate nafasi ya kufanya kazi yake, na hatimaye jino hutoboka. Floraidi husaidia upande wa matengenezo: huharakisha kurudi kwa madini na kulifanya gamba la jino listahimili zaidi asidi.

Kwa mujibu wa ripoti ya Shirika la Afya Duniani, WHO, ya mwaka 2022, watu wapatao bilioni 3.5 duniani wana maradhi ya kinywa. Miongoni mwao ni watoto zaidi ya milioni 500 wenye meno ya utoto yaliyooza. Hata katika nchi tajiri kama Uingereza, kung'olewa meno yaliyooza ndiyo sababu kuu ya watoto wa umri wa miaka mitano hadi tisa kulazwa hospitalini.

Ugunduzi ulioanzia kwenye madoa

Habari za floraidi zilianza kama uchunguzi wa madhara. Mwaka 1901 daktari wa meno Frederick McKay alifika Colorado Springs, Marekani, akakuta wakazi wengi wana madoa ya kahawia kwenye meno. Baada ya miaka mingi ya kutafuta chanzo, McKay na wenzake walitambua mambo mawili: madoa hayo yalitokana na kitu kilichomo katika maji, na meno hayo yenye madoa hayakuoza kwa wingi.

Mwaka 1931 mkemia H. V. Churchill alithibitisha kwamba kitu hicho kilikuwa floraidi. Ndipo Trendley Dean, wa idara ya afya ya serikali ya Marekani, akatafuta kiwango kinachokinga meno bila kuyatia madoa ya kuonekana. Alikadiria kuwa ni karibu miligramu 1 kwa lita. Januari 1945 mji wa Grand Rapids katika jimbo la Michigan ukawa wa kwanza duniani kurekebisha kiwango cha floraidi katika maji yake.

Uingereza ilifanya majaribio katika miaka ya 1950. Birmingham, iliyokuwa na wakazi wapatao milioni moja, ikawa jiji kubwa la kwanza nchini humo kuanza mpango kamili. Sehemu kubwa ya maji yake hutoka katika mabwawa ya bonde la Elan huko Wales, na husafiri zaidi ya kilomita 110 kwa nguvu ya mteremko. Maji hayo ya milimani yana floraidi kidogo mno, hivyo huongezwa katika mtambo wa Frankley kabla ya kusambazwa.

Katika miongo iliyofuata, Birmingham ililinganishwa mara nyingi na Manchester, jiji lisiloongeza floraidi, na watoto wa Manchester walionekana kuwa na meno mengi zaidi yaliyooza.

Kinga ya wote

Wataalamu wa afya ya jamii hugawa kinga katika ngazi tatu. Ya kwanza ni kuzuia maradhi yasitokee. Ya pili ni kuyatambua mapema na kuyasimamisha. Ya tatu ni kupunguza madhara kwa yule aliyekwisha kuugua. Kupiga mswaki ni kinga ya ngazi ya kwanza, na kumwona daktari wa meno kabla ya maumivu ni ya pili. Kuziba au kung'oa jino ni tiba inayokuja baada ya madhara kutokea.

Kinga inayopitia bombani ina sifa moja ya pekee: humfikia kila mtu, awe na fedha au asiwe nazo. Hilo ni muhimu katika vitongoji vya wafanyakazi kama Tyseley, kwani kuoza kwa meno huwaathiri zaidi watoto wa familia maskini.

Sifa hiyo hiyo ndiyo chanzo cha malalamiko. Wapinzani husema kwamba mtu hapaswi kupewa kitu cha kukinga maradhi bila ridhaa yake, na anayekunywa maji ya bomba hana hiari. Mjadala huo umedumu tangu mwanzo. Mwaka 2025 majimbo ya Utah na Florida nchini Marekani yalipiga marufuku kuongeza floraidi katika maji ya umma. Mwaka huo huo serikali ya Uingereza ilitangaza kupanua mpango huo kaskazini-mashariki mwa England.

Aidha, faida yenyewe imepungua. Tangu miaka ya 1970 watu wengi hutumia dawa ya meno yenye floraidi. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na taasisi ya Cochrane mwaka 2024 yalionyesha kuwa, kwa watoto wa siku hizi, floraidi ya majini huokoa kwa wastani kama robo ya jino la utoto kwa kila mtoto, kiasi kidogo kuliko zamani.

Maji ya Chai

Barani Afrika hali ni nyingine. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa ina floraidi nyingi, na maji yapitayo humo huibeba hadi visimani na mitoni. Katika eneo la Maji ya Chai, wilayani Arumeru mkoani Arusha, kiwango chake huzidi kwa mara kadhaa kikomo cha WHO cha miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania, kwa sababu ya uhaba wa vyanzo vingine, iliwahi kuruhusu hadi miligramu 8, kisha 4, kabla ya kuweka kikomo cha 1.5.

Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwani yakijiunda ndani ya taya, yaani hadi kufikia miaka minane hivi, huota meno yenye madoa ya kahawia yasiyofutika kwa mswaki. Wengi hudhaniwa kuwa wachafu, ingawa hawana kosa. Floraidi ikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa na viungo hukakamaa au kupinda. Mwaka 2024 mpango wa taifa wa Marekani wa kuchunguza sumu ulieleza kuwa viwango vinavyozidi miligramu 1.5 vinahusishwa na upungufu wa uwezo wa akili kwa watoto. Kuhusu kiwango cha 0.7 kinachopendekezwa nchini humo, ulisema ushahidi hautoshi kutoa uamuzi.

Katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, karibu na Arusha, na katika mradi wa maji wa Jimbo Katoliki la Nakuru, mifupa ya mifugo huchomwa kuwa makaa, ikasagwa na kutumiwa kuchujia maji. Makaa hayo hunasa floraidi. Hata hivyo yanapaswa kubadilishwa kila yanapojaa, jambo linalogharimu fedha, na baadhi ya watu husita kunywa maji yaliyopita kwenye mifupa.

Familia ifanye nini?

Jambo la kwanza ni kujua maji yana nini. Floraidi haina rangi wala harufu, na hujulikana kwa kupimwa. Kuchemsha maji huua vijidudu lakini hakuondoi floraidi. Maji yanapopungua chunguni kwa mvuke, floraidi iliyobaki huzidi kukolea. Katika maeneo yenye floraidi nyingi, maji ya mvua yaliyovunwa kwa usafi yana nafuu kubwa, na yakiwa haba yatengwe kwanza kwa ajili ya watoto wadogo. Magadi yanayotiwa katika maharage au makande nayo yanaweza kuwa na floraidi nyingi.

Jambo la pili ni mswaki. Neno hilo lenyewe ni la mti ambao vijiti vyake vimesafisha meno pwani ya Afrika Mashariki kwa karne nyingi, na WHO imeutambua kuwa unafaa pale unapotumika. Kwa atumiaye dawa ya meno yenye floraidi, ushauri wa Uingereza ni kupiga mswaki mara mbili kwa siku, mara moja kabla ya kulala, na kutema povu bila kusukutua kwa maji. Mtoto wa chini ya miaka mitatu atosheke na dawa ya kupakwa kidogo tu juu ya mswaki, na wa miaka mitatu hadi sita apewe kiasi cha punje ya njegere.

Jambo la tatu ni sukari: soda, juisi na chai tamu zinazonyweka siku nzima huharibu meno zaidi kuliko kitu kitamu kinacholiwa mara moja pamoja na mlo. Na aliyehamia England akumbuke kuwa matibabu ya meno ya huduma ya afya ya taifa hayalipiwi kwa watoto wa chini ya miaka 18 na kwa wajawazito, ingawa kupata daktari mwenye nafasi kumekuwa kugumu katika maeneo mengi.

Tyseley na Maji ya Chai zinahitaji hatua zinazopingana, lakini zote mbili huanza na swali moja ambalo kila mzazi ana haki ya kuiuliza mamlaka yake ya maji: floraidi ni kiasi gani katika lita moja ya maji anayokunywa mtoto wangu?