Programu ya Chama na Usalama wa Hifadhi ya Msimbo

Mwanachama wa chama cha akiba na mikopo pale Hale anayepokea salio lake kwa ujumbe wa simu huenda hajui kwamba nyuma ya ujumbe huo iko programu iliyoandikwa na vijana wawili au watatu, mmoja akiwa Tanga, mwingine Dar es Salaam. Kazi yao huiweka mahali pamoja kwenye intaneti, panapoitwa hifadhi ya msimbo. Kila anayebadilisha mstari, hifadhi hurekodi ni nani, lini, na amebadilisha nini. Mfumo unaotumika zaidi kwa kazi hii ni Git, uliobuniwa na Linus Torvalds mwaka 2005, na miongoni mwa kampuni zinazotunza hifadhi hizo, inayojulikana sana ni GitHub.

Hifadhi hii ifananishwe na daftari la karani wa mizani asiyeruhusiwa kutumia kifutio. Akikosea, hukata mstari na kuandika upya, lakini kilichokatwa bado kinasomeka. Hiyo ndiyo faida yake kuu, na ndiyo hatari yake. Fundi akiandika nywila ya kanzidata ndani ya msimbo, kisha akaifuta kesho yake, nywila haijatoweka. Imo katika kumbukumbu ya matoleo yaliyopita, na yeyote mwenye ruhusa ya kuisoma hifadhi ataiona. Iwapo hifadhi iko wazi kwa umma, wapo watu wenye programu zinazopekua hifadhi za namna hiyo usiku na mchana zikitafuta nywila tu. Kufuta hakutoshi. Nywila yenyewe ibadilishwe mara moja, ndipo kumbukumbu isafishwe.

Hata hifadhi iliyofungwa si kinga kamili. Mwaka 2016 wadukuzi waliingia katika hifadhi ya faragha ya wahandisi wa Uber kwenye GitHub, wakakuta humo ufunguo wa seva za kampuni, nao ukawafikisha kwenye taarifa za watu milioni 57, abiria na madereva. Kampuni ilikaa kimya, ikawalipa wadukuzi dola 100,000, na umma ukaja kuambiwa Novemba 2017. Hiyo ni kampuni yenye wahandisi wengi na fedha nyingi. Chama cha kijijini kina nini?

Kwa hiyo kiongozi wa chama anayeagiza programu ana haki ya kuuliza, hata kama hajui kuandika msimbo. Aulize kwanza akaunti ya hifadhi imeandikishwa kwa jina la nani. Swali hili hupuuzwa mno, ilhali ndilo lizaalo ugomvi: fundi akikosana na chama, au akihama, huweza kuondoka na kazi yote iliyokwisha kulipiwa. Mkataba useme kwamba hifadhi ni mali ya chama, na kwamba viongozi wasiopungua wawili wanayo ruhusa ya juu. Kila fundi awe na akaunti yake mwenyewe yenye uthibitisho wa hatua mbili. GitHub ilianza kuwalazimisha wachangiaji wa msimbo kufanya hivyo mwaka 2023. Anayemaliza kazi aondolewe siku hiyo hiyo. Mabadiliko yanayogusa fedha yasipokelewe kabla fundi wa pili hajayasoma, kama vile hundi isivyotoka kwa sahihi moja.

Majina, namba za simu na namba za NIDA za wanachama zisiwekwe kamwe ndani ya hifadhi, hata kwa majaribio. Fundi atumie majina ya kubuni. Taarifa hizo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na anayezikusanya au kuzichakata anatakiwa awe amesajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mwanachama anayeamini kwamba taarifa zake zimevuja anaweza kupeleka malalamiko kwa Tume hiyo. Kabla ya kwenda, atunze ujumbe wowote wa kutilia shaka aliopokea, pamoja na tarehe na namba iliyoutuma, na aombe chama kimpe jibu kwa maandishi.