Je, Wajua? Garissa na Viti vya Bunge

Uchaguzi wa Mei 1963, ule uliomwingiza Jomo Kenyatta madarakani, ulisusiwa na Wasomali wa Kaskazini Mashariki. Walitaka eneo lao liungane na Somalia, si kutuma wabunge Nairobi. Mwezi Desemba mwaka huohuo ikatangazwa hali ya hatari katika eneo hilo, na sheria zake hazikuondolewa hadi 1991. Kuwa na mbunge katika miaka hiyo hakukuwa kinga kubwa dhidi ya sheria hizo.

Hadi uchaguzi wa 2007, mkoa mzima wa Kaskazini Mashariki, Garissa ikiwemo, ulikuwa na majimbo 11 kati ya 210 ya nchi. Garissa ilikuwa na manne: Dujis, Lagdera, Fafi na Ijara. Mwaka 2013 majimbo ya Kenya yakawa 290, na Garissa, Wajir na Mandera kila moja ikapata sita. Dujis ikatoweka kwenye ramani. Zikaja Garissa Mjini, Balambala na Dadaab.

Leo mpigakura wa Garissa hupewa karatasi sita: ya kijani ni ya mbunge, ya zambarau ya mwakilishi wa wanawake, ya manjano ya seneta. Lakini karatasi ile ya kijani ilikawia kumpa mwanamke ushindi. Sophia Abdi Noor, aliyewahi kuwa mbunge wa kuteuliwa, alishinda Ijara mwaka 2017 na kuwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa jimboni katika Kaskazini Mashariki yote. Miaka 54 baada ya uhuru! Mwaka 2022 kiti hicho kilirudi kwa mwanamume.