Nyayo bapa: tuamini kipimo kipi?

Lowesha mguu, kanyaga sakafu kavu ya saruji, kisha angalia alama. Ukiona imejaa yote, bila ule mkato wa upande wa ndani, utaambiwa una nyayo bapa. Kipimo hiki ni cha bure, na wazazi wengi huanzia hapo kabla ya kuulizia bei ya viatu maalumu vya mtoto. Shida ni kwamba maji yanaonyesha ngozi imegusa wapi tu. Tao lenyewe ni la mifupa, na kati yake na sakafu kuna nyama na mafuta.

Mwaka 1987 Cavanagh na Rodgers waliiwekea alama hiyo hesabu. Unaacha vidole, unagawa urefu uliobaki sehemu tatu sawa, halafu unagawanya eneo la sehemu ya kati kwa eneo lote. Tuseme lote ni sentimita za mraba 90 na la kati ni 25: unapata 0.28. Kuanzia 0.26 kwenda juu ni bapa. Namba safi kabisa, ila mtu mnene anaweza kuipata hiyo 0.28 kwa sababu ya mafuta tu, mifupa yake ikiwa haina neno.

Basi tupime mfupa. Papasa upande wa ndani wa mguu, chini na mbele kidogo ya kifundo; utakuta kinundu. Huo ni mfupa wa navikula. Unapima urefu wake kutoka sakafuni mtu akiwa amekaa, kisha akiwa amesimama. Wengi husema ukishuka zaidi ya milimita 10 ni tatizo, lakini Brody, aliyeieleza njia hii mwaka 1982 akiwaangalia wakimbiaji, alitaja 15. Sasa mwenye 12 tumwambieje? Halafu kuna hili ambalo mimi naliona kubwa zaidi: kipimo hiki kinapima mwendo wa tao, si kimo chake. Mtu ambaye unyayo wake ni bapa na umekakamaa hata akiwa amekaa anaweza kushuka milimita 3 tu, akaonekana mzima!

Eksirei huonyesha pembe za mifupa moja kwa moja, mradi ipigwe mtu akiwa amesimama. Ikipigwa amelala, uzito haupo na tao halijabanwa, kwa hiyo picha haitakwambia kitu. Ni ghali, ina mionzi, na pembe yenyewe haisemi kama mguu unauma.

Kwa watoto ndipo mambo yanapokuwa matamu. Utafiti wa Austria wa mwaka 2006 uliwapima watoto 835 wa miaka 3 hadi 6, na asilimia 44 wakaonekana wana nyayo bapa. Kwa wa miaka 3 ilikuwa 54, kwa wa miaka 6 ikawa 24. Yaani tao lilikuwa bado linajengeka. Waliokuwa na ugonjwa hasa hawakufika asilimia 1, ilhali kama asilimia 10 tayari walikuwa wanavaa soli za kunyanyua tao.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hela, mwambie mtoto asimame kwa ncha za vidole, wewe ukae nyuma yake. Tao likijitokeza na kisigino kikageukia ndani, unyayo unanyumbulika, na kama haumuumi hakuna haraka ya kununua chochote. Tao lisipojitokeza, au akilalamika maumivu, hapo mpeleke kwa daktari, na eksirei ikihitajika ipigwe akiwa amesimama.